Maswali yenu: Kiwanja cha mkwe huko Java kiandikwe jina la nani?

Tangu niseme humu kwamba naishi kijijini Klaten, Java ya Kati, ndoa ndo ilinileta, maswali ya Indonesia hayaishi, sijui mmeambizana. Wengi wanauliza volkano na nyoka. Sawa nitajibu, ila wageni wengi hapa wanaolia hawalii kwa sababu ya volkano, wanalia kwa sababu ya karatasi, ndo maana nimeanza na kaka wa Tanga. Barua nyingine nimezikata, kuna mtu kaandika kurasa nne na swali liko kwenye mstari wa mwisho.

SWALI: Shikamoo dada. Mi ni kijana wa Tanga, nilikuja Semarang kwa skolashipu, nikamaliza, nikapata kazi, nikaoa Mjava, ndoa tumefunga ofisi ya dini ya huku mwaka juzi. Baba mkwe ana kiwanja pembeni ya shamba lake la mpunga, anatuuzia bei ya undugu, hela ya kununua na kujenga natoa mimi. Marafiki wengine wanasema andika jina la mke imeisha hiyo, wengine wanasema ukiandika jina la mke umepoteza, mwingine kasema nitafute Mwindonesia wa kuaminika tuandikiane mkataba pembeni. Mkwe hati hana, ana karatasi ya zamani anaiita girik. Nifanyeje? (Mkwe wa Wajava)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Huyo wa mkataba wa pembeni mwambie anyamaze kabisa. Sheria ya ardhi ya huku, namba 5 ya mwaka 1960, inasema umiliki kamili, ile wanaita hak milik, ni wa raia peke yake. Afu kifungu cha 26 kinasema mauziano yoyote yenye nia ya kumpa mgeni hiyo haki, ya wazi au ya kuzungukazunguka, ni batili, ardhi inaangukia serikalini na hela iliyokwisha lipwa haidaiwi tena. Haidaiwi tena! Yaani huyo rafiki akikugeuka huna pa kwenda kushtaki, maana ukifungua mdomo mahakamani wewe ndo unayekiri kwamba mlipanga kuikwepa sheria. Na asipokugeuka yeye, siku akifa watoto wake hawakujui.

Haya, jina la mke. Hapo kuna mtego ambao hata wenyeji wengi hawaujui mpaka wafike kwa notari, yule mwanasheria wa kuandika mikataba rasmi. Sheria ya ndoa ya 1974 inasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa ni ya wote wawili, kwa hiyo mkeo akinunua kiwanja leo wewe una sehemu yako humo, na wewe ni mgeni usiyeruhusiwa hak milik, basi mwenzio anakwama kwenye nchi yake mwenyewe kwa kuolewa na wewe. Zamani dawa ilikuwa mkataba wa kutenganisha mali, na ulitakiwa uandikwe kabla ya ndoa tu, ukichelewa basi. Ila kuna dada mmoja wa huku aliolewa na Mjapani, akataka kununua fleti akakataliwa kwa sababu hiyohiyo, akaenda mpaka Mahakama ya Katiba, na hukumu namba 69 ya 2015, iliyosomwa Oktoba 2016, ikaruhusu mkataba huo uandikwe hata mkiwa tayari kwenye ndoa. Kwa hiyo hamjachelewa. Nendeni kwa notari, waambie mnataka perjanjian kawin ya kutenganisha mali, afu mkausajili palepale ndoa yenu ilipoandikishwa. Baada ya hapo ndo mkeo anunue.

Sasa nikwambie ukweli ambao notari hatakwambia kwa lugha hii: ukishasaini, kiwanja ni cha mkeo. Sio chenu, ni chake. Mkiachana unaondoka na begi lako. Akitangulia yeye kufa unaweza kurithi lakini una mwaka mmoja wa kuiachia hiyo haki, uuze au umpe raia, ukipitiliza inakwenda serikalini. Watoto wenu wao wana habari yao, sheria ya uraia ya 2006 inawaruhusu pasipoti mbili mpaka miaka 18, afu wanachagua kabla ya kufika 21, na kwetu Tanzania mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, kwa hiyo hayo mazungumzo anzeni mapema, mtoto akichagua ya Tanzania ardhi ya mama yake hawezi kuishika kwa hak milik.

Kama hilo linakukosesha usingizi kuna njia nyingine ambayo watu wanaidharau. Sheria ya huku inatenganisha ardhi na kilichojengwa juu yake, na mgeni mwenye makazi halali anaruhusiwa kukodi ardhi. Mkwe abaki na ardhi yake, wewe ukodi miaka 20 au 25 kwa maandishi ya notari, muandike waziwazi kwamba jengo ni lako na muda ukiisha linakuwa la nani, na mkwe akifa warithi wanafungwa na mkataba au vipi. Ipo pia haki ya kutumia, hak pakai, miaka 30 unaongezewa 20 afu 30 tena, lakini kwa nyumba ya mgeni serikali imeweka bei ya chini ambayo nyumba lazima ifikie, na hiyo bei inahesabiwa kwa mabilioni ya rupia, nyumba ya kijijini haifiki hapo hata uiwekee marumaru mpaka kwenye banda la kuku.

Sasa girik. Hiyo ni karatasi ya kodi ya ardhi ya zamani, hati sio. Kanuni ya 2021 ilitoa miaka mitano karatasi za namna hiyo zisajiliwe, muda uliishia mwanzoni mwa 2026, baada ya hapo zinabaki kama dalili tu za kuonyesha historia ya ardhi. Usitoe hela kwa girik hata kama mkwe ni mtu wa swala tano. Mwombe yeye kwanza asajili, kuna mpango wa serikali wa kupima kijiji kizima kwa pamoja unaitwa PTSL, gharama yake ni ndogo, aulize ofisi ya kijiji kama zamu yenu imefika. Na hapohapo ofisini kuna daftari kubwa wanaliita Letter C, mwombe karani alifungue mbele yako uone hicho kiwanja kimeandikwa jina la nani.

Na hapa ndo penye utamu wenyewe, mara nyingi utakuta jina la babu. Babu kafa zamani, kaacha watoto saba, wawili wako Sumatra walihamishwa na serikali enzi zile za transmigrasi, mmoja kafa kaacha wajane, na kila mmoja ana sehemu yake. Mkwe wako analima pale miaka yote na kila mtu anasema ni pake, ndugu hawagombani, lebaran, yaani Idd, wanakula pamoja, lakini siku wakisikia mgeni analeta hela za kujenga, binamu asiyeonekana toka utotoni anatokea na wakili. Kwa hiyo saini za warithi WOTE, sio waliopo karibu. Na majirani wa pande zote nne waje mipaka ikiwekwa vigingi. Hili usione aibu kulisema kwa mkwe, pitia kwa mkeo, yeye aseme kwa mama yake, mama aseme kwa baba, hivo ndo mambo yanavyokwenda huku, ukimkabili mzee wa Kijava uso kwa uso atakujibu ndiyo na maana yake ni hapana.

Vingine haraka haraka. Kama kiwanja kwenye ramani ni shamba la mpunga la kulindwa, kuna sheria ya 2009 inakataza kuligeuza makazi, uliza kabla ya kumwaga mchanga. Shamba la kilimo pia anatakiwa kulimiliki mtu anayeishi kata hiyohiyo au jirani, kwa hiyo kama kitambulisho cha mkeo bado ni cha Semarang kuna kazi. Na hakikisha sio ardhi ya kijiji, ile ambayo viongozi wanapewa walime badala ya mshahara, maana hiyo haiuziki, hapo Caturtunggal, Sleman, mwaka 2023 mwekezaji na mkuu wa kijiji walifikishwa mahakamani kwa majumba yaliyojengwa kwenye ardhi ya kijiji, na watu walikuwa wameshalipa. Mauziano yenyewe yafanyike mbele ya ofisa wa hati anaitwa PPAT, risiti ya mkononi yenye stempu haitoshi.

SWALI: Dada, mume wangu anatoka upande huohuo wa Klaten, kijiji cha juu kule karibu na volkano ya Merapi, anataka turudi kwao na watoto wawili, mi ni wa Morogoro. Nimeangalia video za huo mlima nimelia. Pia nasikia matetemeko. Mume anacheka anasema watu wanaishi tu. Wezi je? Nikubali? (Mama Wawili)

JIBU: Mama wawili, mumeo asicheke na wewe usilie. Muulize swali moja, kijiji chenu kiko ukanda gani wa hatari wa Merapi? Ramani ipo, ofisi ya kijiji wanayo, ina kanda tatu, na mtu wa kule anajua ya kwake kama unavyojua namba ya simu yako. Mwaka 2010 Oktoba na Novemba huo mlima uliua watu zaidi ya 350, na mlipuko mkubwa kabisa, wa Novemba 5, eneo la kuhama lilisogezwa mpaka kilomita 20 toka kileleni. Waliokufa sio wote ambao hawakupata habari. Wengi waliambiwa wahame, wengine walihama afu wakawa wanarudi mchana kulisha ng'ombe. Ndo maana siku hizi mipango inahesabu na mifugo, na kila kijiji cha juu kina kijiji cha chini kilichopangiwa kuwapokea, mnajua kabisa mnakimbilia wapi. Hali ya mlima inatangazwa kwa ngazi nne, Normal, Waspada, Siaga, Awas, na Merapi iko kwenye ya tatu tangu Novemba 2020, watu wanalima, wanaoana, lakini hawapandi juu ya mstari uliowekwa. Pia ulizia mto. Watu wanaangalia kilele wanasahau kwamba mvua kubwa inashusha mawe na mchanga kupitia mabonde ya mito miezi mingi baada ya mlipuko, mwanzoni mwa 2011 nyumba nyingi upande wa Magelang zilifukiwa hivo.

Ila mimi ningekuwa wewe ningeogopa zaidi kuta za nyumba. Tarehe 27 Mei 2006, alfajiri kabla ya saa kumi na mbili, tetemeko lilipiga Bantul na hapa kwetu Klaten, wakafa watu zaidi ya 5,700, na halikuwa tetemeko kubwa kivile, lilikuwa la sita na kitu. Kilichoua ni matofali. Kuta za tofali moja, hazina nguzo za zege, hazina mkanda juu wala chini, paa zito la vigae limekaa tu hapo juu. Nyumba za mianzi zilipinda watu wakatoka. Kwa hiyo kabla ya kupanga mapazia ya chumba cha watoto mwambie mumeo akuonyeshe nondo: kuna nguzo kila kona? kuna mkanda wa zege unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha? Ukuta umefungwa kwenye nguzo au umeegemea tu? Kama nyumba ya wakwe ilijengwa kabla ya 2006 na ikabaki imesimama usijipe moyo, nyufa zinapigwa plasta na rangi. Fundi mzuri anaweza kuifunga upya, gharama yake ni ndogo kuliko hiyo gari ambayo mumeo amesema mtanunua (nimekata sehemu hiyo ya barua yako mama, ila nimeisoma).

Wezi wapo, wa kawaida. Pikipiki iliyoachwa na ufunguo, mtungi wa gesi ule mdogo wa kijani wa kilo tatu, na ndege. Ndege ndio! Wajava wanafuga ndege waimbaji kwenye vitundu, mwingine bei yake inazidi pikipiki, na mwizi anajua nyumba ipi ina ndege gani kwa kusikiliza tu asubuhi. Silaha za moto kwa raia ni adimu mno, uvamizi wa mapanga usiku kijijini hausikiki kama tulivyozoea kwetu. Kukubali au kukataa ni yako na mumeo, ila mi nikiambiwa nyumba ina nguzo na kijiji kiko kilomita za kutosha chini, ningekwenda. Ukanda wa juu kabisa na watoto wadogo, hapana.

SWALI: Mi nimechoka. Nimeolewa Wonosobo. Majirani wananiuliza natoka wapi naenda wapi, nimeoga saa ngapi. Mdogo wangu alikuja toka Nairobi usiku wa pili mwenyekiti akaja mlangoni kuuliza ni nani. Kila usiku wanaume wanapita kuchota hela kwa kikombe. Harusi ikitokea naitwa kupika kwa watu nisiowajua siku mbili. Hakuna faragha kabisa, nikijifungia wananisema. Nitawezaje? (Nimechoka)

JIBU: Pole dada. Anza na huyo mwenyekiti, huyo ni Pak RT, kwetu Tanzania ungesema mjumbe wa nyumba kumi na nyie Kenya mna nyumba kumi yenu, ila huyu wa huku ana nyumba thelathini arobaini na kazi yake ni ya kweli. Mfumo huu uliletwa na Wajapani walipotawala, miaka ya arobaini, ukabaki. Kuna kibao kila kijiji, mgeni akilala zaidi ya saa 24 aripotiwe. Yeye kuja mlangoni kwako ni ustaarabu, wewe ndo ulitakiwa kwenda kwake na nakala ya pasipoti ya mdogo wako. Na mgeni wa nje ana taratibu zake za uhamiaji pia, viza ikipitiliza faini ni rupia milioni moja kwa siku, siku zikizidi 60 anarudishwa kwao na kuzuiwa kuingia tena, kwa hiyo ni afadhali Pak RT aulize mapema.

Hao wa kikombe ni ronda. Kila usiku kuna zamu ya wanaume, wanakaa kibandani wanakunywa kahawa wanacheza domino, afu wanazunguka nyumba zote. Kale kakikombe kwenye uzio kanaitwa jimpitan, zamani kila nyumba iliweka punje za mchele, siku hizi wengi wanaweka sarafu ya mia tano. Hela ni ya mfuko wa mtaa, taa, ukarabati wa kibanda, rambirambi. Ila utaona ujanja wake, kuchota kikombe kunawalazimu wafike kwenye uzio wa kila nyumba kila usiku, mlango ulioachwa wazi wanauona, mzee anayekohoa vibaya wanamsikia. Lile gogo lililotobolewa kibandani, kentongan, mwambie mumeo akufundishe mapigo, kwa kawaida mawili mawili ni mwizi, matatu matatu moto, yanatofautiana kidogo kijiji na kijiji. Kama mumeo yuko safarini zamu yake ikifika usinyamaze, toa taarifa, wengi wanakubali ulipie au upeleke chai na mihogo ya kukaanga.

Kupika harusini, rewang, hapo nakuelewa, mgongo unauma. Hutakiwi kumaliza siku mbili. Nenda asubuhi, beba mchele na sukari, menya vitunguu masaa mawili, cheka, aga vizuri, rudi nyumbani na chakula chako kwenye boksi. Ukikosa harusi utasemwa wiki moja. Ukikosa msiba hawatasahau, kwa hiyo kipaza sauti cha msikiti kikitangaza mtu kafa acha unachofanya uende. Na maswali ya unakwenda wapi hayahitaji jibu, ni salamu, unasema "pale" unapita. Jibu langu kwao huwa ni sokoni, hata nikiwa na taulo.

SWALI: Dada mi mwanafunzi Malang, nimepata nyumba ya kukodi kijijini bei chee kuliko hosteli, nichukue? Nyoka wapo? Na boyfriend akija weekend? (Mkenya)

JIBU: Kijijini utalipa mwaka mzima mbele, ndo kawaida yao, wanaita kontrak, kwa hiyo hakikisha anayechukua hela ndo mwenye nyumba, muandikiane na mbandike stempu ya rupia elfu kumi, afu Pak RT awe shahidi. Fungua bomba la kisima mwezi wa tisa kiangazi kikiwa kikali, ukikagua mwezi wa pili kila kisima kina maji. Uliza umeme ni VA ngapi, yaani nyumba inaruhusiwa kutumia umeme kiasi gani kwa mara moja, ukiambiwa 450 sahau pasi na jiko la wali kwa pamoja.

Nyoka wapo, kobra wa Java anatema sumu, na mvua za mwanzo watoto wake wanaanguliwa, usirundike mbao na nazi nyuma ya jiko, tembea na tochi. Akikugonga usikate wala kufunga kamba, usiusogeze huo mguu, nenda hospitali kubwa sio zahanati. Dawa inayotengenezwa Indonesia inafanya kazi kwa aina tatu tu, huyo kobra akiwa mmoja wao, kwa hiyo piga picha ya nyoka ukiweza, bila kumfuata. Ila nakuhakikishia utaumwa na mbu wa dengi kabla ya nyoka, mwaga maji kwenye ndoo zote.

Boyfriend asilale hapo. Kuna vijana wa mtaa wanakuja usiku na Pak RT wanagonga mlango, mnatolewa nje mbele ya watu, na kodi ya mwaka mzima umeshalipa.